Mawaridi ya Lushoto yanakufa Sahare, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapahapa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mjomba. Tumehamia nyumba mpya Sahare mwaka jana, si mbali na bahari, mbele ya nyumba kuna kiwanja kama hatua nane kwa nne nataka kiwe bustani ya maua, tuta nimelipanga kufuata ukuta, picha nakutumia. Nilinunua mawaridi sita ya Lushoto, yamebaki mawili nayo ni miiba mitupu. Iksora zimegeuka njano. Namwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni bila kukosa, nimeweka mbolea ya kuku, juu nimemwaga mchanga mweupe wa bahari ipendeze. Jirani anasema nilete lori la udongo mwekundu ndo dawa. Na natamani sana asumini na mrehani kama za bibi yangu. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, na nikutoe wasiwasi, huna mkono mbaya. Picha zako nimeziangalia mara tatu na nakwambia hayo maua hayakufa kwa uvivu, yamekufa kwa bidii yako. Kila ulichoongeza pale kilikuwa na chumvi ndani yake. Maji ya kisima yana chumvi, mbolea ya kuku mbichi ina chumvi, mchanga wa bahari usiseme, alafu upepo nao unaleta yake bure kabisa kutoka baharini. Sasa waridi lililozaliwa kule Lushoto, mlimani zaidi ya mita elfu moja, kwenye baridi na ukungu, unalishusha Sahare unalinywesha chumvi mara mbili kwa siku, litafanya nini? Si wanasema Tanga waja leo waondoka leo, basi mawaridi yako yametimiza msemo.

Tuanze na maji maana hapo ndo pana kesi. Chota maji ya kisima chako uyaonje, kama yana ladha ya kukolea kidogo hata kama mnaogea na kufulia bila shida, kwa maua ni shida. Ukitaka kuona kwa macho, weka kikombe kimoja kwenye sufuria safi uchemshe mpaka yakauke yote, uangalie kilichobaki chini. Kwenye picha yako ya pili pale pembeni ya chungu kuna utando mweupe kama unga, huo ndo wenyewe. Na ncha za majani zimeungua rangi ya kahawia zikianzia pembeni kuingia ndani, hiyo si kiu, ingawa inafanana sana na kiu, na ndo maana mtu akiiona anakimbilia kumwagilia zaidi.

Kumwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni ndo kosa kubwa la watu wa pwani yani sijui nani alitufundisha. Maji yanalowesha vidole viwili vya juu, jua likitoka maji yanapanda hewani yanaiacha chumvi palepale kwenye mizizi, jioni unaongeza tena, baada ya miezi sita una shamba la chumvi. Bora umwagilie mara mbili kwa wiki lakini umwage haswa mpaka maji yashuke chini kabisa, yakishuka yanaondoka na chumvi. Hesabu ambayo watu wa udongo wanaitumia ni hii, maji baridi, yani yasiyo na chumvi, ya kina cha sentimita 15, yani kama lita 150 kwa kila mita moja ya mraba, yanaondoa karibu nusu ya chumvi iliyoko kwenye sentimita 30 za juu, alimradi maji yana pa kutokea. Lita 150 kwa ndoo ni mateso lakini mvua ya milimita 150 ni hiyohiyo, na masika yetu ya mwezi wa 4 na wa 5 inapita hapo bila jasho. Kwahiyo usilie na udongo wako, mvua itauosha, wewe kazi yako ni kuacha kuutia chumvi nyingine.

Na mvua hiyohiyo uikinge. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kama paa la upande wa mbele lina mita za mraba 60 na ikanyesha milimita 20 usiku mmoja, hizo ni lita 1,200, toa zinazoruka na kuvuja bado unajaza tenki la lita elfu moja. Weka mfereji wa bati na tenki hata la mtumba. Maji ya mvua yawe ya asumini, mawaridi, iksora na vyungu vya barazani tu, ya kisima wape wanaoyaweza, nitawataja.

Sasa udongo. Umesema nyumba mpya, na tuta umelipanga kufuata ukuta. Mwanangu chukua jembe uchimbe hapo shimo moja la kina cha goti uone mafundi wamekuachia nini, nina hakika kuna plasta, vipande vya tofali, chokaa na vumbi la mawe. Mafundi wetu kila kisichotakiwa wanakifukia mbele ya nyumba alafu wanasawazisha kwa mchanga wanaondoka zao. Na hata wasingefukia kitu, chini yetu pwani hii ni mawe ya matumbawe, ambayo nayo ni jamaa wa chokaa.

Kipimo hakihitaji maabara. Chukua udongo kijiko kimoja, uwe mkavu na umepondeka, weka kwenye kisosi, kata ndimu ukamulie juu, inamisha sikio. Ukisikia unachemka kama soda na vipovu vinatokea, ujue chokaa ipo ya kutosha. Nilimfanyia hivo mteja mmoja wa Chumbageni aliyekuwa amebishana na mimi nusu saa nzima kwamba udongo wake ni mzuri kwasababu ni mweusi, nikakamua ndimu tukanyamaza wote wawili tunasikiliza kisosi. Alafu fanya hivohivo na ule mchanga wako mweupe wa bahari, utachemka pia, maana ndani yake mmejaa vipande vya makombe na matumbawe. Yani ule mchanga umekuwekea chumvi na chokaa kwa pamoja, uzoe wote leo, upeleke njia ya geti. Juu ya tuta weka majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa, hayatang'aa kwenye picha lakini yanazuia jua kuukausha udongo.

Hiyo chokaa ndo inayokufanyia iksora njano. Angalia jani kwa karibu, mishipa imebaki kijani na katikati yake ndo pamepauka njano, na majani machanga ndo yameumia zaidi kuliko makongwe. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Chuma kipo kwenye udongo ila chokaa imekifungia, mmea haukipati. Kuna watu watakwambia fukia misumari yenye kutu, mi nilishafukia mpaka bawaba za mlango, haisaidii kitu, kutu kwenye udongo wa chokaa inabaki kutu. Ing'oe iksora taratibu na udongo wake, iweke kwenye chungu kikubwa chenye mboji nyingi na maji ya mvua, na ukipita duka la pembejeo uliza mbolea ya majani yenye madini ya chuma, unapuliza jioni. Majani machanga yatatoka kijani, yale yaliyokwisha kupauka usiyahesabu.

Lori la udongo mwekundu usilete. Ule udongo ni mzuri huko ulikotoka lakini ukiumwaga mtupu juu ya mchanga unashikana kama sakafu, mvua ikipiga maji yanasimama juu, jua likipiga unapasuka, na utakuwa umetoa hela ya lori kununua sakafu. Fanya hivi, jenga ukingo wa tofali au mawe wa sentimita 30 kutoka chini, uache matundu ya maji kutoka. Anza na tuta moja tu la mita nne kwa moja, nafasi nyingine iache kwanza. Hilo linataka kama mita za ujazo 1.2, kwa matoroli ya mtaani ni kama ishirini hivi. Changanya karai mbili za udongo tifutifu, ukipenda huo mwekundu uingie humo kiasi, karai moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu, karai moja ya mchanga wa mto. Wa mto, nasisitiza, muulize dereva ameuchota wapi na akisita, uonje. Mbolea ya kuku usiitupe, ifunike pembeni miezi miwili mitatu ioze, ikiwa mbichi inaunguza mizizi.

Hapa nikiri na la kwangu usije ukafikiri mjomba amezaliwa anajua. Zamani nilinunua usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, kwa bei ya kutupa, magunia mazima, nikasikia raha maana usumba unashika maji vizuri na ni mwepesi. Nikachanganya, nikapanda vijiti arobaini vya asumini. Wiki ya pili ncha zote zimeungua, wiki ya nne nimebaki na vijiti sita. Sikufikiria jambo dogo tu ambalo kila mtoto wa pwani analijua, kwamba makumbi yale yanafukiwa kwenye tope la bahari miezi na miezi ndo yalainike yapigwe kuwa kamba, hivo usumba ulikuja kwangu umejaa maji ya bahari. Siku hizi usumba naloweka kwenye pipa siku moja, namwaga maji, narudia mara tatu, mara ya mwisho naonja. Mke wangu anasema mtu wa maua gani anatembea analamba uchafu.

Upepo. Kusi ikianza kuvuma mwezi wa 4 kuendelea inatoka baharini na chumvi yake, na kaskazi ya mwezi wa 12 mpaka wa 3 inakausha, tena mwezi wa 1 na wa 2 mvua ni chache. Watu wanafikiri dawa ni ukuta mrefu, lakini upepo ukigonga ukuta unaruka juu unadondoka upande wa pili kwa fujo zaidi, maua ya nyuma ya ukuta yanachanika. Kinachotakiwa ni uzio wa mimea unaopitisha upepo nusu na kuukamata nusu. Bogonvilia ndo mkubwa wao, inakula chumvi na jua bila kulalamika. Ila bogonvilia usiidekeze, ukiipa maji na samadi nyingi inakupa majani na miba, ukiinyima maji kidogo mpaka majani yalegee ndo inakasirika inajaa rangi. Ile rangi yenyewe ni majani tu, ua lake halisi ni kale keupe kadogo katikati. Pogoa ikishamaliza duru ya rangi, maana inachanua kwenye matawi mapya.

Wengine wa mstari wa mbele, hawa ndo wale wa maji ya kisima: franjipani, adeniamu yenye shina limevimba kama kitunguu, yale mayungiyungi meupe yenye petali nyembamba kama miguu ya buibui, mshubiri, na vinka, hizi za pinki na nyeupe unazoziona mpaka makaburini zinajiotea. Vinka watu wanaidharau kwasababu haina bei lakini hakuna ua linalochanua mwaka mzima kwenye mchanga kama hilo, mi ningelijaza hilo kwanza ili usikae unaangalia udongo mtupu. Lantana nakuomba usipande hata ukipewa bure, ndege wanakula mbegu wanazisambaza, inageuka kichaka hakuna anayeweza kuing'oa. Oleanda nayo kama una watoto wadogo iache, kila sehemu yake ni sumu, na hata mbuzi wa jirani akiila utakuwa na kesi.

Kuhusu mbuzi kwa jumla, sina dawa. Funga geti.

Asumini na mrehani za bibi yako sasa, hapa nimefurahi maana vijana wote wanataka waridi na nyasi za kapeti. Asumini weka upande wa ndani uliokingwa na ile bogonvilia, ipate jua kwa muda wa kama masaa sita kwa siku, jua la asubuhi ndo zuri. Usinunue mche, nenda kwa bibi mwenyewe ukakate. Kata kijiti kilichokomaa nusu, si kile laini cha kijani wala kile kigumu kama kuni, urefu wa kiganja na vidole, ukate chini kidogo ya fundo, toa majani ya chini bakisha mawili juu, chomeka kwenye kopo la mchanga wa mto na mboji, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Wiki nne mpaka sita ukivuta kidogo kikakataa, kimeshika. Kata sita maana mbili zitakufa. Ikikua, kila ikimaliza kuchanua ikate ncha, asumini inaleta maua kwenye chipukizi, asiyekata anabaki na kamba ndefu zenye ua moja moja.

Na kuchuma kuna saa yake. Asumini inafunguka jioni ikiingia usiku, kwahiyo ukingoja asubuhi unaokota yaliyochoka. Kama saa kumi na moja jioni utaona vitumba vimevimba vyeupe vimefumba bado, hivo ndo vya kuchuma, ukivitunga vinakufungukia kwenye nywele au kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Bibi yako anajua hili, muulize, atakuongezea na mengine ambayo mi mwanaume sijafundishwa.

Mrehani ni rahisi, matawi mawili kwenye glasi ya maji, baada ya siku kama kumi unaona mizizi myeupe, unapanda. Ukiuacha ukatoa mbegu unajizeekea mapema, shina linakuwa gumu na majani yanapungua, basi chuma vichwa mara kwa mara, na kila miezi michache uwe na kizazi kipya kinakuja. Kilua, ua jingine la kunukia, ukikitaka kukamilisha kikuba cha watu, hicho ni cha msituni, mvivu wa kuota, mi mwenyewe ninao mmoja tu na simgawii mtu.

Mawaridi yako mawili yaliyobaki usiyatupe. Yahamishie kwenye vyungu vikubwa, upande wa mashariki wa nyumba yapate jua la asubuhi na kivuli kuanzia adhuhuri, maji ya mvua pekee, umwagie chini kwenye shina asubuhi. Jioni ukilowesha majani yanalala mabichi, yanapata madoa meusi kisha yanapukutika. Kata matawi makavu yote mpaka ufike kwenye kijani. Yakichipua yatatoa maua madogo kuliko ya Lushoto, ridhika.

Barazani kama una upande usiopigwa na jua kuna ua jingine ningependa uweke, vayoleti ya Usambara. Hili Wazungu wanaliweka madirishani dunia nzima na wengi hawajui ni la kwetu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona na kulipeleka kwao, mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kumfuata yeye. Linaishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Usiende kulichimba Amani wala msitu wowote, huko limepungua sana, tafuta kwa mtu mwenye chungu chake umuombe jani moja. Jani moja linatosha, kata kikonyo kibaki kama sentimita tatu, kichomeke kwenye kopo, baada ya miezi miwili hivi vinatokea vijani vidogo kama masikio ya panya pembeni ya mama. Maji mpe kwa chini kwenye kisahani, yakidondoka juu ya majani yanaacha madoa.

Wadudu sikuandikii mengi, wanaokusumbua kwenye picha ya nne ni hawa weupe kama pamba. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja, puliza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku tano. Na uangalie sisimizi, wao ndo wanawachunga na kuwahamisha shina hadi shina, ukiua weupe ukawaacha sisimizi utapuliza mpaka Idi.

Sasa hivi usipande kitu. Zoa mchanga, chimba, jenga ukingo, nenda kwa bibi ukakate vijiti vikae kwenye makopo, na mvua zikishanyesha wiki mbili tatu ndo uhamishie kwenye tuta. Ila kabla hujalipia hata toroli moja la udongo, nitumie picha ya ndimu na kisosi, ya udongo wa pale ukutani na ya udongo anaokuletea huyo dereva, kila mmoja kisosi chake.